Makofi Mawili ya Sidney Poitier

Tarehe 10 Septemba 1967 gazeti la New York Times lilichapa makala ya Clifford Mason, mwandishi mweusi wa tamthilia, ambayo kichwa chake kilikuwa swali: kwa nini Marekani ya wazungu inampenda Sidney Poitier kiasi hiki? Jibu lenyewe halikuwa la kumsifu. Kwa Mason, Poitier alikuwa akicheza mtu yule yule filamu baada ya filamu: mweusi mwema aliyetupwa peke yake katika dunia ya wazungu, hana mke, hana mchumba, kazi yake ni kuwatatulia wazungu matatizo yao kisha ajiondokee. Kwetu tungesema alimwita kibaraka.

Makala ilitoka wakati mbaya, au mzuri, inategemea umekaa upande gani. Mwaka huo Poitier alikuwa na filamu tatu: To Sir, with Love iliyotoka Juni, In the Heat of the Night ya Agosti, na Guess Who's Coming to Dinner iliyokuwa njiani kutoka Desemba. Mwaka uliofuata kura ya wenye majumba ya sinema ilimtaja kuwa nyota anayevuta watazamaji kuliko wote Marekani, weusi kwa weupe. Wakati huo huo miji ya Newark na Detroit ilikuwa imetoka kuungua Julai, na vijana weusi walikuwa wameshachoka kuambiwa wavute subira.

Poitier alifariki Los Angeles tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94, na kesi aliyoifungua Mason haijapata hakimu mpaka leo. Mimi naona Mason alikuwa sahihi kuhusu filamu na akakosea kuhusu mtu. Ila watetezi wa Poitier nao huwa wanaruka jambo moja zito, na nitalifikia.

Kwanza alikotoka, maana bila hapo mengi hayaeleweki. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa Cat Island, Bahamas. Februari 1927 walivuka kwenda Miami kuuza nyanya zao, mama akajifungulia huko mtoto njiti. Baba alikwenda kutafuta kijisanduku cha kumzikia. Mama akaenda kwa mpiga ramli, akarudi na habari kwamba mtoto ataishi. Safari ile ya nyanya ndiyo iliyompa uraia wa Marekani, lakini alilelewa kisiwani, mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba, ambako karibu kila uso aliouona ulikuwa mweusi kama wake.

Alipopelekwa Miami kwa kaka yake akiwa na miaka 15, hakuwa na adabu za ubaguzi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alipata kibarua cha kupeleka vifurushi. Siku moja akafika kwa mama mmoja wa kizungu, akaambiwa azunguke mlango wa nyuma. Hakuelewa. Mwenye mzigo si huyu hapa mlangoni? Akakiweka kifurushi chini akaenda zake. Usiku watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, walifika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Muda si mrefu akahamia New York, akawa mwosha vyombo kwenye migahawa. Alipojaribu bahati kwenye kikundi cha American Negro Theatre huko Harlem, mtaa wa weusi wa New York, alifukuzwa jukwaani, kwa sababu kusoma kwake kulikuwa kwa kuvuta herufi na lafudhi yake ilikuwa ya visiwani. Akanunua redio, akawa anawaigiza watangazaji neno kwa neno kwa miezi. Usiku baada ya kazi, mhudumu mzee wa Kiyahudi alikaa naye na gazeti akimfundisha kusoma. Aliporudi kwenye kikundi kile alijitolea kuwa mfagiaji ili apewe masomo ya kuigiza.

Sasa mashtaka, na tuyasikilize kwa haki. Mwaka 1958 alicheza The Defiant Ones, mfungwa mweusi aliyefungwa mnyororo mmoja na mfungwa mzungu, Tony Curtis, wakitoroka pamoja. Mwishoni mweusi amesharukia treni, uhuru ameupata, lakini mwenzake anashindwa kulifikia. Anaruka chini amfuate. Mwandishi mweusi James Baldwin aliandika kwamba watazamaji wazungu walishangilia hapo, wakatoka wamefarijika. Harlem watu walimpigia kelele, mpumbavu we, rudi kwenye treni! Sijui kama kuna uhakiki wa filamu mfupi na mkali kuliko kelele zile. Filamu hiyo ilimfanya kuwa mwanamume wa kwanza mweusi kuteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora.

Oscar yenyewe ilikuja Aprili 1964, kwa Lilies of the Field. Humo ni fundi anayezurura na gari lake, anakutana na watawa wa kizungu jangwani, wanamwomba awajengee kanisa. Anajenga. Hapati mshahara wa maana, hana nyumba wala ndugu tunaowafahamu, na kanisa likiisha anaondoka akiimba. Katika A Patch of Blue ya 1965 anampenda msichana wa kizungu ambaye ni kipofu, yaani haoni rangi ya mtu, na bado busu lao lilikatwa kwenye nakala zilizopelekwa majimbo ya kusini. Katika Guess Who's Coming to Dinner yeye ni daktari bingwa wa hadhi ya kimataifa, mjane, mwenye sifa ndefu mpaka unajiuliza ni mkwe gani duniani angefikisha kiwango hicho. Busu lao na mchumba wake tunaliona mara moja tu, ndani ya kioo cha dereva wa teksi. Na kabla ya lolote anawaendea wazazi wa binti faraghani na kuwaambia: mkikataa ninyi, mimi najitoa.

Hiyo sehemu ya mwisho hata mimi inanikera. Mtu mzima wa miaka 37 anaomba ruhusa ambayo hata binti mwenyewe hajui kwamba imeombwa. Mtetezi atajibu, angalia tarehe. Filamu ilipokuwa inapigwa, ndoa ya mweusi na mzungu ilikuwa bado kosa la jinai katika majimbo 16. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyozifuta sheria hizo ilitolewa tarehe 12 Juni 1967, siku mbili baada ya kifo cha Spencer Tracy, aliyecheza baba wa binti. Ni hoja nzuri, ila ina nusu tu ya nguvu. Inaeleza kwa nini mkwe alitengenezwa bila kasoro. Haielezi kwa nini yeye ndiye apimwe, na wakwe wawe wapimaji.

Kwa hiyo miswada ilikuwa hivyo kweli. Swali linalobaki ni yeye alikuwa na hiari gani, na bahati nzuri tuna mtu wa kumlinganisha naye. Harry Belafonte, mwimbaji na mwigizaji mweusi, alikuwa rafiki yake tangu siku za Harlem. Wamepishana siku tisa tu kwa kuzaliwa, na asili yao wote ni visiwa vya Karibi. Lilies of the Field aliletewa Belafonte kwanza, akaikataa akisema mhusika hana kwao wala ukoo. Porgy and Bess aliikataa pia, na Poitier ndiye aliyeishia kuicheza, kwa shingo upande. Basi Belafonte ndiye yule msanii ambaye wakosoaji walimtaka Poitier awe. Matokeo yake? Kati ya 1959 na 1970 Belafonte hakuonekana katika filamu yoyote ya Hollywood. Aliweza kumudu, maana albamu yake ya Calypso ya 1956 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni na kumbi zilikuwa zinamsubiri. Poitier hakuwa na sauti ya kuimba. Angekataa zote, tusingekuwa leo na filamu bora zaidi za miaka hiyo. Tungekuwa hatuna kitu, na kiti kile pale mbele kingebaki kitupu.

Na si kwamba alikubali kila alicholetewa. Katikati ya miaka ya 1950, kabla hajawa na jina, mke wake akiwa karibu kujifungua mtoto wa pili, aliletewa nafasi yenye malipo ya dola 750 kwa wiki. Mhusika ni mfagiaji ambaye binti yake mdogo anauawa na wahuni ili yeye atishike asitoe ushahidi, naye hafanyi lolote. Hana tusi mdomoni, hana matendo ya kumdhalilisha. Anakaa kimya tu. Poitier aliikataa. Baba yangu, alisema baadaye, asingekaa kimya. Kisha akaenda kukopa dola 75 za kulipia hospitali. Miaka hiyo hiyo alidaiwa kusaini karatasi ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wasanii weusi waliokuwa wameandamwa kwa siasa zao za mrengo wa kushoto. Hakusaini. Agosti 1964, miezi michache baada ya Oscar, yeye na Belafonte walibeba dola 70,000 taslimu kwenye begi hadi Greenwood, Mississippi, kuwapelekea vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi cha kupigania haki za weusi, waliokuwa wakiandikisha wapiga kura, na njiani magari ya Klan yaliwafukuza. Kibaraka wa aina hiyo ni nadra.

Hapa naomba tusogee Kenya, kwa sababu kuna filamu ambayo wakosoaji wa Marekani huitaja kwa kupita tu, na sisi tusingepaswa kufanya hivyo. Mwaka 1956, Hali ya Hatari ikiwa bado imetangazwa, kampuni ya MGM ilikwenda kupiga Something of Value huko huko. Poitier ni Kimani wa Karanja, Mkikuyu aliyekua na kijana wa kilowezi, Peter, aliyechezwa na Rock Hudson. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba mwaka huo, akanyongwa Februari 1957, na filamu ikatoka mwaka huo huo wa kunyongwa kwake. Kitabu walichokitegemea kiliandikwa na Mmarekani aliyekuwa mwindaji wa safari, kwa jicho la walowezi, na filamu imerithi jicho hilo: kiapo cha Mau Mau kinaonyeshwa kama kazi ya giza, ardhi iliyochukuliwa inatajwa kidogo, na mwisho Kimani anafia kwenye shimo la mtego huku mzungu akibaki na mtoto wake wa kumlea.

Lakini chunguza kinachomtoa Kimani nyumbani. Wako mawindoni. Mume wa dada yake Peter anampiga kofi. Kimani harudishi. Poitier anasimama, uso umemganda, macho yanamhama kutoka kwa mpigaji kwenda kwa rafiki yake kana kwamba anasubiri neno moja, na neno lile linakuja dhaifu na kwa kuchelewa. Ndani ya muda ule mfupi mwigizaji anasema kile ambacho mswada umekataa kukisema: vita hii ina sababu. Ukimwangalia yeye badala ya kuisikiliza filamu, utaona mtu anayewatetea Wakikuyu ndani ya kazi iliyoandikwa kuwashtaki. Je, hilo linatosha kuihalalisha filamu? Kwangu, hapana. Picha zile zilizunguka dunia wakati maelfu bado wako kizuizini Kenya, na mtazamaji wa London au Chicago hakutoka na macho ya Poitier kichwani. Alitoka na mapanga. Hapa wakosoaji wanashinda. Miaka miwili baadaye, Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alipokuwa akihangaikia nauli za wanafunzi wa Kenya waliopata vyuo Marekani, barua ya kuomba michango ilitoka na saini tatu: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 Septemba 1959. Sisemi barua inaifuta filamu. Zote mbili ni zake.

Sasa kofi la pili. Ni miaka kumi baadaye, In the Heat of the Night. Virgil Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia, na mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Mississippi wanakwenda kumhoji tajiri wa pamba, Endicott. Wanamkuta katika banda lake la vioo, kati ya maua ya okidi. Mtumishi mweusi amesimama na sinia la vinywaji. Endicott ni mpole; anamuuliza Tibbs anapenda okidi ipi, kisha anamwambia kwa tabasamu kwamba aina aliyoichagua ni kama mtu mweusi, inahitaji kulelewa kwa muda mrefu. Mazungumzo yanageuka. Mzee anapogundua kwamba anahojiwa kuhusu mauaji, anampiga Tibbs kofi, na kabla mkono wake haujashuka Tibbs amemrudishia. Hakuna sekunde ya kufikiri. Mkuu wa polisi, Rod Steiger, anaulizwa atafanya nini na hana jibu. Endicott anakumbusha kwamba kulikuwa na zama angeamuru mtu kama huyu apigwe risasi. Wakishaondoka, mzee analia.

Poitier alisimulia maisha yake yote kwamba kofi lile alilidai yeye, na akataka iandikwe kwamba halitakatwa kwenye nakala yoyote. Wapo watafiti wanaosema lilikuwa tayari kwenye mswada wa Stirling Silliphant. Sioni sababu ya kugombania hati miliki ya kofi. Ambalo halina ubishi ni kwamba alikataa kwenda kupiga filamu kusini, baada ya yaliyompata Mississippi, ndipo mji wa Sparta, Illinois, ukavalishwa sura ya Mississippi. Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora, Steiger akapata ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa kabisa. Sherehe yenyewe ilisogezwa kwa siku mbili, hadi 10 Aprili 1968, kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 na ilibidi azikwe kwanza. Poitier alikuwa miongoni mwa waliosema hawatahudhuria kama isingesogezwa.

Weka makofi hayo mawili pamoja uone umbali wa miaka kumi. Ndiyo maana hoja kwamba alikuwa mtu yule yule kila filamu hainiingii. Ipo pia A Raisin in the Sun ya 1961, kutoka tamthilia ya Lorraine Hansberry, ambamo Poitier ni Walter Lee: mwanamume mwenye mke na mtoto, mwenye hasira, mlevi akizidiwa, anayechukua pesa za bima ya marehemu baba yake na kumkabidhi tapeli. Huyo si malaika. Ni kazi yake bora kuliko zote, kwa maoni yangu, bora mbali kuliko ile iliyompa Oscar. Walter Lee hakupata umati wa watazamaji walioupata baadaye walimu na madaktari wema. Lawama hiyo nusu yake iende kwa wanunuzi wa tiketi.

Nilisema kuna jambo ambalo watetezi wanaliruka. Ni hili: inasemwa alifungua mlango. Baada ya Oscar yake ya 1964, mwanamume mweusi wa pili kuipata tuzo hiyo ya mwigizaji bora alikuwa Denzel Washington, Machi 2002. Miaka 38. Usiku huo huo Poitier alikuwa ukumbini kupokea tuzo ya heshima, na Denzel akamwelekezea kombe lake kutoka jukwaani, watu wakasimama. Ilikuwa picha nzuri, na ilikuwa pia aibu, kwa sababu mlango ambao mtu wa pili anaupita baada ya miaka 38 haukuwa umefunguliwa. Alipenyezwa mmoja ukarudishiwa. Na kipimo alichopenya nacho, cha mweusi ambaye lazima awe na elimu kuliko wote chumbani, mtulivu kuliko wote na msafi kuliko wote, kiliwasubiri waliofuata. Hilo halikuwa kosa lake, lakini gharama ilikuwepo, na kuna waigizaji wazuri wa rika lake walioilipa kwa kukosa kazi.

Wanawake weusi waliilipa zaidi. Katika filamu zake kubwa za miaka ya 1960 wapenzi, kama wapo, ni wazungu. Alilijua hilo, mwaka 1968 alibuni mwenyewe hadithi ya For Love of Ivy, mapenzi ya kawaida na Abbey Lincoln, akisema anataka mabinti zake wajione. Kisha mwaka 1971 akaja Shaft, mpelelezi mweusi wa filamu ya jina hilo, na koti lake la ngozi, na vijana wakapata shujaa asiyeomba ruhusa kwa mtu. Poitier alisogea nyuma ya kamera. Buck and the Preacher ya 1972 aliiongoza na kuicheza na Belafonte, halafu Uptown Saturday Night na filamu nyingine za aina hiyo, vichekesho vya watu weusi wakiishi na watu weusi, bila mzungu wa kuelimishwa. Stir Crazy ya 1980, aliyoiongoza akiwa na Richard Pryor na Gene Wilder, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Wahakiki huzitaja kazi hizi kwa aya moja, wakarudi kwa watawa na kanisa lao, na mimi naona ni uvivu. Humo ndimo alimojibu lile swali la 1967, bila hotuba.

Televisheni nayo ilimtendea haki kuliko sinema. Mwaka 1991, akiwa na miaka 64, ABC ilionyesha Separate but Equal, akiwa Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza kesi iliyovunja ubaguzi wa shule Marekani mwaka 1954. Ni Marshall yule yule aliyekaa na wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1960 na kuwaandalia rasimu ya haki za binadamu kwa katiba ya Kenya. Marshall wa Poitier ana mke, Buster, aliyechezwa na Gloria Foster. Anachoka. Anaogopa kwamba akishindwa kesi hii ataifunga milango kwa kizazi kizima, na kuna usiku anaoukaa na vitabu vyake bila kujua kama anachofanya ni ujasiri au ujinga. Watayarishaji wa 1967 hawakuwahi kumpa nafasi ya kucheza shaka. Alipoipata aliijua tayari.